Hamu ya kushona haijafa, acheni kuisubiri

Leo tena. Mwanafunzi wangu wa zamani kaniandikia "mwalimu mi kushona basi, hamu imekata, nasubiri irudi", na cherehani yake ina miezi mitano imefunikwa. Nimefundisha ushonaji miaka mingi na hiyo kauli nimeisikia mpaka nimechoka, kwaiyo ngoja niseme.

Dhana ndo hiyo, kwamba hamu ikiisha unakaa unaisubiri, siku moja itarudi yenyewe.

Hairudi hivo jamani. Kila anayeniambia hamu imekata namuuliza swali moja tu, nguo ya mwisho uliyoigusa ni ipi na uliishia wapi? Sijawahi kujibiwa "nilimaliza gauni likanikaa vizuri". Ni mkono umeshonwa nje ndani, ni zipu imefumuliwa mara tatu na bado imepinda, au blauzi imekamilika kabisa, mtu kaivaa kwenye kioo ikambana kifuani, akaivua akaisokomeza kabatini. Hamu imekwama pale, kwenye nguo moja, tena kwenye mshono mmoja wa hiyo nguo, na kila ukiiona cherehani unaikumbuka. Sasa ukisubiri hata mwaka, zipu itanyooka yenyewe?

Huyu wa leo ilikuwa kifua. Pateni nyingi za dukani, yaani zile karatasi zilizochorwa vipande vya nguo vya kukatia kitambaa, zinachorwa kwa kikombe B, yaani ukipima juu ya matiti, futi ikipita chini ya kwapa, alafu ukapima kifua penyewe, tofauti ni kama sentimita 5. Yeye tofauti yake ni 10. Akachagua saizi kwa kufuata kifua, mabega yakamvuka, akashuka saizi, kifua kikambana, basi akaamua hana kipaji! Kipaji kimeingiaje hapo, hiyo ni hesabu. Unachagua saizi kwa kipimo cha juu ya matiti, alafu unaongeza nafasi ya kifua kwenye karatasi kabla hujakata kitambaa, ni kazi ya jioni moja.

Hamu inakuja mikono ikishaanza, haitangulii. Ninachowaambia wote ni hiki: itoe ile nguo iliyokukwamisha na uiamulie leoleo, ama unaifumua, ama unang'oa vifungo na zipu, alafu nguo inayobaki unaikata vipande vya kujaribia mishono, ila kabatini isirudi. Alafu badilisha sindano, na hapa nasisitiza kwa sababu hamnisikii. Sindano ni ya kama saa 8 za kushona, baada ya hapo ncha inakuwa butu, inaruka mishono, inavuta nyuzi, na wewe unalaumu cherehani au unajilaumu mwenyewe. Kitambaa kinachovutika kina sindano yake yenye ncha ya mviringo, usilazimishe ya kawaida. Ukimaliza shona kitu cha mistari iliyonyooka, foronya tu, dakika 20 basi, na uache bado unataka kuendelea, mshono unaofuata ukiwa umeshabanwa pini, ili kesho ukikaa tu unakanyaga pedeli.

Mengine nayapitia haraka.

"Nikipata cherehani mpya moyo utarudi." Utarudi wiki mbili. Mshono ulionyooka na zigizaga vinatosha karibu kila nguo unayovaa.

"Nikanunue vitambaa vipya." Vile ulivyonavyo umeshavifua? Pamba isipofuliwa kabla ya kukatwa inakuja kupungua ikiwa tayari ni nguo, alafu ndo unasikia mtu anasema kushona kumemshinda.

"Dukani navaa saizi fulani, basi na pateni nakata hiyohiyo." Hapana, namba za pateni na za nguo za dukani haziendi pamoja, mara nyingi kwenye pateni unatakiwa namba kubwa zaidi, na watu wanaichukulia kama tusi. Fuata futi, namba hakuna atakayeiona.

"Anayejua kushona hafumui." Hii nayo inaniudhi sana, mimi nafumua kila wiki. Pateni za dukani kwa kawaida zinakuachia sentimita 1.5 za kitambaa kati ya mshono na ukingo, na hizo ndo akiba yako. Ile blauzi ya huyu dada hajapunguza kingo za ndani, kwaiyo akifumua ubavuni na kushona upya akiacha nusu sentimita, anapata sentimita 1 kwa kila ukingo, kingo ziko 4 (mbele na nyuma, kila ubavu), hizo ni sentimita 4 za kifua bila kununua kitambaa chochote.

Nimemwandikia hivyo mchana. Kajibu ameshaitoa kabatini, anatafuta wembe wa kufumulia. Nimemwambia afumue mchana karibu na dirisha, usiku atakata kitambaa, na akimaliza anitumie picha ya upande wa ndani, wa nje nitauona baadaye.