Je, wajua kwa nini fundi wa gari aliyekosea hafungwi, ila aliyekudanganya anaweza kufungwa?

Gari linatoa mlio wa kugonga upande wa mbele. Fundi analala chini yake, anatikisa gurudumu, anainuka akijifuta mikono na kutoa hukumu: bushi, yaani mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari, zimekufa, na shokapu zote mbili zimekwisha. Unalipa. Wiki mbili baadaye mlio ni uleule. Huyo ni mhalifu, au ni fundi tu aliyebahatisha?

Kisheria, kupona au kutopona kwa gari si hoja. Hoja ni alichokuwa anakijua fundi wakati anatamka maneno yale. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 312, inataka mambo kadhaa yakutane: pawe na kauli, iwe ya mdomo, ya maandishi au ya vitendo, ihusu jambo lililokwisha kutokea au lililopo, iwe ya uongo, na mwenye kuitoa awe anajua ni uongo, au haiamini. Kifungu cha 313, cha kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, kinaongeza nia ya kulaghai, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3.

Hapo kwenye "lililotokea au lililopo" ndipo wengi wanapoponea. "Gari litakuwa tayari Ijumaa, bosi" ni ahadi, na mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kwamba kauli kuhusu jambo lijalo haiwezi kubeba shtaka la kujipatia mali kwa udanganyifu. Ijumaa ya fundi, kama kila mwenye gari anavyojua, haina tarehe. Ukichoka kuingoja, ulicho nacho ni madai ya mkataba. Lakini akikwambia "nimekubadilishia pedi za breki", kumbe zilizomo ni zilezile za zamani zilizopigwa msasa, hilo ni jambo lililopita na yeye ndiye shahidi wa kwanza kwamba si kweli. Vivyo hivyo "bushi zimekufa" anapoona kabisa kwamba ni nzima.

Ugumu sasa ni kuthibitisha kwamba aliona. Atajitetea kwa neno moja: nilidhani. Na kudhani vibaya, hata kwa uzembe, hakutoshi kwa shtaka hili. Upande wa mashtaka unatakiwa kuingia kichwani mwa mtu, jambo ambalo polisi hawana spana yake.

Wapelelezi wa California walipata njia. Jimbo hilo la Marekani lina idara ya kusimamia gereji, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 1971. Malalamiko yalipozidi dhidi ya gereji za Sears, kampuni kubwa ya maduka iliyokuwa ikiaminiwa na familia nyingi za huko, idara hiyo iliandaa magari ya mtego. Walichukua magari yaliyotumika, wakayafungua, wakakagua spea moja moja na kuzitia alama, wakahakikisha kwamba kilichochakaa ni pedi za breki tu. Kisha wakayapeleka wakijifanya wateja wa kawaida. Kati ya Desemba 1990 na Desemba 1991 walifanya ziara 38 katika vituo 27, na mara 34 walishauriwa matengenezo yasiyohitajika. Katika mji wa Concord, mmoja wao alitozwa zaidi ya dola 500 kwa kazi ambayo gari halikuihitaji.

Uzuri wa mtego huo ni kwamba unaziba ule mlango wa "nilidhani". Fundi mmoja kuihukumu springi nzima kuwa mbovu ni kosa la kibinadamu. Likijirudia mara 34 kati ya 38, na kila mara makosa yakiangukia upande wa kuongeza bili, ni nani atakayesadiki kwamba ni macho mabovu?

Hata hivyo, shauri hilo halikuishia jela. Juni 1992 jimbo lilitangaza kwamba linataka kuzifutia leseni gereji hizo, na baadaye mwaka huohuo yakafikiwa maridhiano ya mamilioni ya dola. Ilibainika kwamba wapokeaji wa magari walikuwa wakilipwa kamisheni na kuwekewa malengo: breki kadhaa, springi kadhaa, alaimenti (kunyoosha magurudumu) kadhaa. Mwenyekiti wa kampuni, Edward Brennan, alikiri kwamba mpango huo wa malipo ulizaa makosa, akaiondoa kamisheni ya wapokeaji hao. Kwangu mimi hapa ndipo sheria ya jinai inapopwaya. Aliyepanga malengo hakumwambia mteja yeyote kwamba springi zimekufa, na aliyeyasema maneno hayo alikuwa akikimbizana na hesabu ya siku.

Kwa sababu hiyo sheria za ushindani zinakuja kusaidia. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 55, inafanya kuwa kosa kutoa kauli ya uongo au ya kupotosha kuhusu uhitaji wa bidhaa au huduma, na pia kuuza kitu kilichotumika kwa kudai ni kipya. Mwenye kuuziwa spea ya mtumba iliyofungwa kwenye boksi jipya anaguswa moja kwa moja.

Mteja wa kawaida hana magari ya mtego, lakini ushahidi anaweza kuukusanya. California inaitaka gereji itoe makadirio ya maandishi kabla ya kazi, na irudishe spea za zamani kama mteja aliziomba wakati wa kuagiza matengenezo. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, ziombe kabla spana haijashikwa. Baadaye utaambiwa zimekwenda na wa vyuma chakavu. Karatasi inayosema bushi 2 zimekwisha, bushi zenyewe mkononi, na fundi wa pili aliye tayari kueleza mahakamani kwamba bado ni nzima: akiwa na hivyo, mpelelezi ana pa kuanzia. Akivikosa, kwa Kenya bado ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na huko unaweza kudai pesa zako kwa kazi mbovu bila kuthibitisha kwamba fundi alikudanganya makusudi.