Kuogesha si kuosha

Juzi harusini nimelisikia tena. "Binti wa fulani? Yuko Minnesota, anaosha wazee." Meza nzima ikacheka. Shangazi yake akamtetea kwa ukali: "Haoshi wazee, ni nesi!" Wote wawili wamekosea.

Kazi yenyewe haina fumbo. Mhudumu wa wazee hulipwa kumsaidia asiyejiweza: kumwogesha, kumvisha, kumlisha, kumpeleka chooni, kumgeuza kitandani asipate vidonda. Kwenye nyumba za wazee za Marekani huitwa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi mwenye cheti.

Shangazi kwanza. Muuguzi ni wa kuuguza, na kuuguza kumetoka kwenye kuugua. Zamani yeyote aliyekesha na mgonjwa alikuwa anamuuguza, awe mama au jirani, kwa hiyo kwa asili ya neno shangazi hakupotea sana. Lakini siku hizi muuguzi ni mtu wa chuo na leseni. CNA, kwa sheria ya Marekani ya 1987, anatakiwa mafunzo ya saa 75 kwa uchache, 16 kati yake za vitendo. California wamefikisha 160. Ukimpigia simu usiku kumuuliza dawa ya presha, unamwonea.

Linaloniudhi zaidi ni hilo "kuosha". Mtu huoga mwenyewe, asipoweza, unamwogesha. Vyombo huoshwa, gari huoshwa. (Miguu unaweza kumwosha mtu, nakubali, na wapo wanaosema kumwosha mtoto.) Ila ukisema mtu mzima ameoshwa, mwili mzima, mswahili wa pwani atakuuliza anazikwa saa ngapi. Mwosha katika "mwosha huoshwa" ni mwosha maiti, si mwosha sufuria.

Maiti haoni haya. Bibi wa miaka 85 anayevuliwa nguo na mgeni anaona. Lazima uonje maji kwa mkono wako kwanza, umfunike taulo huku unamsugua mgongo, ujue bega lipi linauma, umzungumzishe. Hayo saa 75 haziyamalizi; mhudumu huyajua kwa kukaa na bibi yule yule. Na hapo ndipo penye tatizo, maana hawakai. Utafiti uliotolewa 2021, kwa takwimu za 2017 na 2018, ulikuta kwamba katika nusu ya nyumba za wazee Marekani, kiwango cha wauguzi na wahudumu kuacha kazi na kuingia wengine kilifika asilimia 94 kwa mwaka au kuzidi. Mishahara ni midogo, migongo inaumia kwa kunyanyua watu, na nyumbani nako ndugu wanaicheka kazi yenyewe. Bibi anabaki kuvuliwa nguo na mikono mipya kila mara.

Basi shangazi, mwanao si nesi bado, ingawa wengi huanzia hapo hapo wakaenda kusomea uuguzi. Nawe uliyechekesha meza: yule mzee wa Minnesota yuko hai. Anaogeshwa.