Kware mwenye mdomo wa bata: uso hujengwaje ndani ya yai

Mwaka 2003, Richard Schneider na Jill Helms, watafiti wa San Francisco, walifungua mayai ya kware na ya bata, wakahamisha kitu kidogo mno: seli chache kutoka juu ya kichwa cha kiinitete ambacho bado hakikuwa na uso. Kware aliyepandikizwa seli za bata akaota mdomo mpana wa bata. Bata aliyepewa za kware akaota mdomo mfupi wa kware. (Ndiyo, kware wa jamii ile ile ambayo Wakenya waliivamia mwaka 2013 na 2014, mayai yake yakinadiwa kuwa dawa ya kila ugonjwa.)

Wataalamu huziita seli hizo zilizohamishwa seli za kishungi cha neva. Mwanasayansi Wilhelm His aliuona mkanda wa seli hizo kwenye kiinitete cha kuku mwaka 1868. Seli hizi huzaliwa ukingoni mwa mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, kisha hufunga safari. Zinazoshuka kuelekea mbele ya kichwa ndizo hujenga taya, pua, mashavu na kaakaa. Kwenye taya la chini gegedu hutangulia, nao mfupa huota kando yake.

Tofauti ya bata na kware imo kwenye DNA yao, hapo hakuna fumbo. Fumbo ni hili: ndani ya bata mmoja, seli ya taya na seli ya kidole zina DNA ile ile. Basi taya limejuaje kuwa ni taya?

DNA ya seli moja ya binadamu, ukiinyoosha, hufika kama mita 2. Ili iingie ndani ya seli, huviringishwa kwenye protini zinazoitwa histoni, kama uzi wa cherehani kwenye bobini. Juu ya histoni hubandikwa alama za kemikali. Alama ya metili ikikaa kwenye nafasi ya 27 ya histoni moja iitwayo H3, jeni iliyo hapo (kipande cha DNA chenye maelekezo) hunyamazishwa; metili hiyo hiyo ikikaa nafasi ya 4, huwa ishara ya jeni kufunguka. Herufi za DNA hazijaguswa. Kilichobadilika ni ukurasa upi unasomeka. Elimu ya mambo haya ndiyo epijenetiki.

Ukurasa mmoja ukifungwa mahali pasipostahili, uso hubadilika. Mwaka 1993 ilionekana kwamba panya wasio na jeni ya Hoxa2 (mojawapo ya jeni za Hox, zinazoziambia seli ziko sehemu gani ya mwili) hukosa kifupa kimoja cha sikio la kati, na mahali pake huota nakala ya pili ya vifupa vinavyotokana na eneo la taya. Maana yake, seli za taya hujenga taya kwa sababu jeni za Hox kwao zimenyamaza.

Lakini seli inayoanza safari bado haijui itatua puani au kidevuni. Mwaka 2017 maabara ya Filippo Rijli, mjini Basel, Uswisi, ilionyesha kwa panya jinsi jambo hilo linavyotatuliwa: jeni nyingi za kuamua mahali husafiri zikiwa na alama zote mbili, ya kufungua na ya kufunga. Ni daladala iliyowasha injini huku hendibreki imevutwa. Seli ikifika, ishara za majirani zake huamua breki ipi iachiwe na ipi ibaki.

Kimeng'enya (protini inayofanya kazi za kikemikali ndani ya seli) kinachobandika alama ya kufunga kinaitwa Ezh2. Ungetegemea kwamba kukiondoa kungezidisha ujenzi, maana breki zote zimeachiwa. Sivyo. Panya walioondolewa Ezh2 kwenye seli za kishungi hukosa mifupa na gegedu za uso, kwa kuwa jeni za Hox zilizotakiwa kulala huamka na kuzuia ujenzi. Binafsi naona hapa ndipo penye utamu wa somo hili: kunyamazisha ni kazi ya ujenzi.

Kwa binadamu upo ugonjwa wa Kabuki, uliotambuliwa Japani mwaka 1981 na kupewa jina kutokana na vipodozi vya waigizaji wa Kabuki, maigizo ya jadi ya huko: macho marefu, nyusi za upinde, na mara nyingine kaakaa lililopasuka. Wagonjwa wengi wana hitilafu kwenye jeni KMT2D, inayobandika alama ya kufungua. Wachache wanayo kwenye KDM6A, inayobandua alama ya kufunga. Njia mbili, uso mmoja.

Dawa nazo hufika huko. Valproeti, inayotumika kutibu kifafa, huzuia vimeng'enya vinavyoondoa alama nyingine za histoni, na hiyo ni mojawapo ya njia zinazodhaniwa kuleta madhara yake. Ikitumiwa wakati wa ujauzito huongeza hatari ya mgongo wazi na kaakaa lililopasuka. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe. Anayeitumia asiiache ghafla mwenyewe, maana degedege la kifafa nalo linaua. Amwone daktari apangiwe nyingine kabla ya kushika mimba. Kabla, kwa sababu uso wa mtoto huchongwa kati ya wiki ya 4 na ya 8 tangu kutungwa mimba, na wapo akina mama ambao wakati huo bado wanahesabu tu siku zilizochelewa.