Picha za volkano za Io hazikuchorwa

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti picha za volkano za Io, mwezi wa sayari ya Mshtarii, zimechorwa kwa kompyuta kwa sababu hakuna kamera iliyowahi kufika huko.

Kamera zimefika. Machi 1979, chombo cha anga cha Voyager 1 kilipiga picha ya gesi na vumbi vilivyorushwa takriban kilomita 300 juu ya uso wa Io, vikatanda kama mwavuli. Chombo kingine, Galileo, kikafuata, kisha Desemba 2023 chombo cha Juno kikapita umbali wa kilomita 1,500 hivi tu kutoka Io. Hata darubini za hapa duniani huona joto la volkano hizo.

Mkanganyiko unaeleweka. Rangi za baadhi ya picha hukolezwa ili salfa ionekane vizuri. Na kuna video ya mlima uliochongoka wa Io, ambayo kweli ni ya kompyuta, ila imetengenezwa kutokana na data za Juno. Ikitumwa bila maelezo hayo, inatia shaka hata picha halisi.

Picha ghafi za Juno ziko wazi kwenye intaneti, zifungue ulinganishe mwenyewe. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.