Majina mafupi ya mabinti wa Mombasa: dhana potofu na asili ya kweli

Mtoto wa kike akizaliwa Mombasa, mara nyingi jina lake huwa limekwisha kuzozaniwa kabla ya akika ya siku ya saba: nyanya analo lake, shangazi analo lake, na mama mzazi ana orodha aliyoipata kwenye simu, ambamo kila jina lina herufi nne au tano na maana ya neno moja. Kasoro ya orodha hizo ni kwamba huyasoma majina kwa herufi za Kilatini tu. Kiswahili kilipoyapokea majina ya Kiarabu kiliziacha baadhi ya sauti na kuzichanganya nyingine, na jina likiwa fupi, sauti moja iliyopotea inatosha kulitia katika ukoo usio wake.

Wengi husema kwamba Asha ni jina la Kihindi lenye maana ya tumaini. Kwa jirani yetu Mhindi ni kweli, kwa kuwa neno hilo katika Kihindi lina maana hiyo na limetoka katika Kisanskriti. Lakini Asha wa Majengo au Kisauni, aliyezaliwa katika nyumba ya Waislamu wa pwani, hakupewa jina la tumaini; jina lake ni Aisha lililofupishwa, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye kuishi, mwenye uhai. Aisha kwa Kiarabu huanza kwa herufi ain, ambayo Mswahili haitamki katika mazungumzo yake ya kawaida, na ikishaondoka hiyo, majina mawili yasiyo na undugu wowote husikika kama moja. Mzizi wa jina hilo tunao vinywani kila siku, kwani maneno ishi na maisha yametoka humo humo. Hapa Mombasa, na Lamu pia, jina hilo hutamkwa Esha, na wapo vijana wanaodhani kuwa hayo ni makosa ya wazee wasiojua Kiarabu. Si makosa hata kidogo: sauti a na i zikikutana, Kiswahili hupenda kuzifanya e, na ndiyo sababu jino likiwa katika wingi husemwa meno badala ya maino, na jiko likawa meko. Bibi aitwaye Esha hana la kusahihishwa.

Jina linaloonewa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Hawa. Nimewasikia watu wazima wakilikwepa kwa hoja kwamba linatokana na hewa, kitu kisichoshikika, au vibaya zaidi, na hawaa, yaani tamaa, za nafsi. Kiarabu kina h mbili. Ile ya hewa na ya hawaa ni herufi ya 26 katika alfabeti yake, h nyepesi. Ile ya Hawa ni herufi ya 6, inayotoka kooni, ambayo ndiyo iliyomo katika neno hai. Mswahili aliyeandika kwa herufi za Kiarabu aliweza kuonyesha tofauti hiyo kwa kalamu. Sisi tunaoandika kwa Kilatini tuna h moja ya kubebea zote mbili. Hata kitabu cha Mwanzo, sura ya 3 aya ya 20, huliunganisha jina la Hawa na uhai, kwa kusema kwamba yeye ni mama wa wote walio hai, na wafasiri wa kale walioigeuza Torati kuwa Kigiriki walilitafsiri jina lenyewe katika aya hiyo wakaandika Zoe, yaani uhai. Kwa hiyo wazazi wa Nyali waliochagua Zoe kwa kuona kwamba Hawa ni jina la kikale wamechagua jina lile lile.

Amina nalo husemwa kuwa ni ile amina ya kuitikia dua. Neno la dua na jina la mtu ni ndugu, ila si kitu kimoja, na jambo lisilojulikana sana ni kwamba jina lenyewe ni majina mawili. Mama yake Mtume, Amina binti Wahab, jina lake kwa Kiarabu huvutwa mwanzoni, na maana yake ni aliye salama. Lile linalovutwa katikati ni la mwanamke mwaminifu. Katika cheti cha kuzaliwa cha Kenya yote mawili ni Amina.

Lulu si jina la kudekeza lililoletwa na Wazungu, ingawa wao pia wanalo lao linalofanana nalo. Letu ni lulu ya baharini, lu'lu' ya Kiarabu, inayotajwa pamoja na marijani katika Sura ya Ar-Rahman. Mia, kinyume chake, si ya kwetu wala si neno la Kiitaliano la “yangu” kama inavyodaiwa. Lilianza Ulaya ya kaskazini kama kifupi cha Maria. Mzazi ajue tu kwamba sokoni Kongowea mtoto huyo atasikika kama hesabu.

Dhana nyingine ni kwamba Mwana, linalotangulia majina mengi ya pwani, maana yake ni mtoto, na kwamba mtu mzima hulibeba kwa mazoea tu. Katika Kiswahili cha mwambao mwana ni neno la heshima kwa mwanamke. Masimulizi ya mji huu humtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa mwanzo wa Mombasa, na Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake maarufu mwaka 1858, aliutunga kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Hakuna aliyewaona hao kuwa watoto. Siti ni la daraja hiyo hiyo, maana yake bibi mheshimiwa, na mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, Siti binti Saad, alizaliwa akiitwa Mtumwa, ndipo baadaye akapewa jina hilo linalosimama mbali kabisa na lile la kwanza.

Limebaki Zuri, ambalo orodha za Marekani hulitaja kuwa jina la kale la Waswahili. Huko majina ya Kiswahili yana wapenzi wengi, na Nia na Imani ni miongoni mwa misingi saba ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa mwaka 1966. Nia na Imani ni nomino kamili, zote zenye asili ya Kiarabu. Zuri ni mzizi wa kivumishi unaosubiri kiambishi: mzuri, kizuri, nzuri. Bibi wa Mji wa Kale akiitiwa mjukuu aitwaye Zuri huenda akauliza, “Kizuri kipi?” Wagiriama, majirani zetu, walilimaliza jambo hilo zamani: mzizi wao wa uzuri ni -dzo, wakautia ka- ya udogo na upendo, wakapata Kadzo.