Saratani ya matiti kwa wanawake wa Kikurdi: mbona wenye nacho ndio wanaopimwa?

Wakurdi ni mamilioni ya watu waliogawanywa na mipaka ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Saratani wao huiita şêrpence, yaani kucha za simba. Neno letu sisi tumelitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni kaa. Mmoja anararua, mwingine anabana hadi umkate gando.

Magharibi mwa Iran, upande wa Kermanshah, watafiti wa afya wamechunguza ni wanawake gani wa Kikurdi wanaopimwa matiti na ni akina nani wanaokosa. Kwa ufupi, anayepimwa zaidi ni mwenye mali na mwenye elimu. Maswali yanayofuata yanatokana na hilo.

Kupimwa wakati huumwi kuna faida gani?

Mamogramu ni picha ya eksirei ya titi. Titi hulazwa juu ya bamba, bamba jingine hushuka na kulibana kwa sekunde chache, picha inapigwa. Wengine huumia kidogo, wengine husikia baridi ya bamba tu. Kinachotafutwa ni uvimbe mdogo ambao mkono bado hauwezi kuugusa, kwa sababu saratani ikikutwa ingali ndogo matibabu huwa mepesi na nafasi ya kupona huwa kubwa. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya matiti, na 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo.

Umri wa kuanza hutofautiana. Uturuki hupima bure wanawake wa miaka 40 hadi 69, kila baada ya miaka miwili, kwenye vituo vinavyojulikana kama KETEM. Uingereza huanza kuwaita wakiwa kati ya miaka 50 na 53, kila baada ya miaka mitatu.

Hilo pengo kati ya tajiri na maskini linapimwaje? Au ni maneno tu?

Linapimwa kwa hesabu. Wapange wanawake wote kwenye foleni moja, maskini kabisa mbele, tajiri kabisa nyuma. Kisha waombe waliowahi kupimwa wanyooshe mikono. Mikono ikitawanyika sawasawa foleni nzima, jibu ni sifuri. Ikirundikana nyuma kwa matajiri, namba inapanda kuelekea 1. Ikirundikana mbele kwa maskini, inashuka kuelekea hasi 1. Baada ya hapo watafiti huipasua namba hiyo waone mali imechangia kiasi gani, elimu kiasi gani, bima kiasi gani, na kuishi mjini au kijijini kiasi gani.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba wastani hauwezi kukudanganya. Mkoa unaweza kutangaza kuwa upimaji umepanda, kumbe waliopanda ni wale wa mjini peke yao.

Lakini kama kipimo ni bure au bima inalipa, maskini anakwama wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo nivumilie.

Tuchukue mwanamke wa mfano huko Hawraman, milima ya Wakurdi inayopakana na Iraq. Vijiji vyake vimepangwa kama ngazi: paa la nyumba ya chini ndilo ua wa nyumba ya juu. Huduma ya kwanza ipo karibu. Tangu miaka ya 1980 Iran imejenga nyumba za afya vijijini, na ndani yake yumo behvarz, mhudumu mwenyeji aliyefunzwa miaka miwili. Anachanja watoto, anapima presha, anawajua watu kwa majina. Lakini mashine ya mamogramu hana. Mashine iko mjini. Kutoka mji mdogo wa Paveh hadi Kermanshah ni kama kilomita 110 za kona za milimani, na wakati wa baridi kuna theluji.

Sasa piga hesabu yake. Nauli ya kwenda na kurudi, tena ya watu wawili, maana mara nyingi hasafiri peke yake. Siku nzima ya kazi imepotea. Kama ni msimu wa kuangusha jozi, imepotea siku yenye pesa. Watoto waachwe kwa jirani. Mume huenda ni kolbar, wale wanaobeba mizigo mgongoni kuvuka mpaka kwa ujira wa siku, na kwao siku isiyo na mzigo haina kitu. Huyu mama haumwi popote. Utamwambiaje mtu atumie akiba ya mwezi kwenda kutafuta ugonjwa ambao hajausikia mwilini?

Na bado hatujafika kwenye hofu yenyewe. Wengine hawaogopi kipimo, wanaogopa jibu. Wakiambiwa ipo, watatoa wapi pesa ya upasuaji, dawa za mishipani, mionzi, na safari za miezi mingi? Asiye na njia ya kutibiwa huona afadhali asijue. Wako wanaouita huo ujinga. Mimi naona ni hesabu ya mtu aliyebanwa kila upande.

Si aibu na mila ndizo zinazowazuia?

Zipo, hasa kuvuliwa nguo mbele ya daktari mwanamume. Ila jiulize: tajiri wa miji ya Wakurdi kama Sanandaj huko Iran au Erbil huko Iraq hana mila? Ni Mkurdi vilevile, ana aibu ileile, na bado anapimwa. Yeye anaweza kuchagua daktari mwanamke, akalipia kliniki binafsi yenye pazia na miadi, akaenda na gari lake bila kumweleza mtu. Maskini hupokea aliyepangwa zamu siku hiyo. Kwa hiyo hata aibu ina bei yake, na tukisema "ni mila zao" tunamtwika mgonjwa lawama ambayo si yake yote.

Elimu na lugha je?

Zina uzito. Mama mtu mzima wa kijijini huenda anajua Kikurdi tu, huku fomu ikiwa kwa Kituruki au Kiajemi. Waliohamia Ulaya nao wanalijua hilo: Sweden huwaita wanawake wote wa miaka 40 hadi 74 kwa barua, lakini barua usiyoweza kuisoma huishia kwenye droo.

Ni kweli huko wanaugua wakiwa wadogo?

Iran na Iraq wagonjwa wengi hugundulika wakiwa kwenye miaka ya 40, mapema kuliko Ulaya. Sababu mojawapo ni kwamba watu wenyewe kwa wastani ni vijana zaidi. Titi la kijana pia lina nyama iliyoshikana, mamogramu haioni vizuri ndani yake, kwa hiyo daktari mara nyingi huongeza ultrasaundi.

Kujipapasa nyumbani hakutoshi?

Kuyajua matiti yako ni jambo jema. Lakini Shanghai walifundisha wanawake kujipima katika utafiti wa watu zaidi ya 266,000, na matokeo yaliyotoka mwaka 2002 yalionyesha vifo havikupungua. Kilichoongezeka ni watu kutolewa vinyama vya uvimbe usio na madhara.

Kilicholeta matumaini ni Mumbai. Huko wahudumu wa kike waliofunzwa waliwapima wanawake kwa mikono kila baada ya miaka miwili, na matokeo ya miaka 20 yalitoka mwaka 2021. Kwa wote kwa jumla, tofauti ya vifo haikuwa kubwa kiasi cha kutosha kuthibitisha kitu, lakini kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Bila mashine. Kwa nchi ambayo tayari ina behvarz kijijini, hilo si la kupita hivi hivi. Ila mikono hiyo lazima iwe na pa kumpeleka mgonjwa: Shirika la Afya Duniani linataka tangu mtu afike na dalili hadi apate jibu kamili zisipite siku 60.

Nimeshika uvimbe leo. Nifanye nini?

Nenda kituoni, usisubiri zamu ya uchunguzi wa kawaida. Huo ni wa wasio na dalili. Nenda pia kama chuchu imeanza kuingia ndani au kutoa damu, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, au kuna tezi kwapani. Vimbe nyingi si saratani, na ni kipimo cha kipande kidogo cha nyama kinachotolewa kwenye uvimbe ndicho kinachokata shauri. Ukiambiwa "haliumi, basi si kitu," omba upimwe hata hivyo. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi.