Roketi ya maji ni nini?

Roketi ya maji ni chupa ya plastiki inayorushwa angani kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa ndani yake. Jina lake linapotosha, kwa sababu maji yenyewe hayana nguvu yoyote ya kuirusha. Anayetaka kuitengeneza Lubumbashi anahitaji chupa tupu ya sukre (ndiyo soda), kizibo cha mpira kinachobana mdomo wake, valvu ya tairi na pampu ya kinga, yaani baiskeli. Chupa hutiwa maji kiasi cha theluthi moja, hugeuzwa mdomo chini, kisha hewa hupigwa mpaka kizibo kishindwe kuizuia.

Nguvu za mikono ya anayepiga pampu ndizo zinazohifadhiwa katika hewa hiyo. Maji ni mzigo wa kutupwa tu, lakini mzigo huo una maana kubwa: kwa kanuni aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, chupa inayotupa kitu chini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na ile inayotumia kukitupa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ilhali lita moja ya hewa, hata ikishindiliwa mara tano, haifiki gramu kumi. Ndiyo maana chupa isiyo na maji hutoa mlio mkubwa na kuruka kidogo, nayo iliyojazwa karibu yote huwa nzito na kukosa nafasi ya hewa. Maji yote hutoka kabla ya sekunde moja kuisha, na safari iliyobaki ni ya mwendo ambao chupa imekwisha kuupata.

Mwaka 1977, kampuni ya OTRAG ya Ujerumani Magharibi iliporusha roketi zake katika Shaba, kama Katanga, eneo la Lubumbashi, ilivyoitwa wakati huo, hapo pia hewa iliyoshindiliwa ndani ya matangi ndiyo iliyosukuma fueli kwenye injini badala ya pampu za mashine. Tofauti ni kwamba fueli ile iliwaka. Maji yetu hayawaki, na kwangu huo ndio uzuri wake.

Hatari iliyopo ni ya kupasuka. Chupa ya sukre imetengenezwa kuhimili gesi. Chupa nyembamba ya maji ya kunywa haifai, na ya kioo isiguswe kabisa. Iliyokwaruzwa au kukunjika itupwe, na wakati wa kupiga pampu mpira unaopitisha hewa kutoka pampu uwe mrefu, ili asiwepo mtu karibu na chupa.